Hodi za Wachunguzi wa Siha Katika Nyumba za Kariakoo

Katika desturi ya watu wa pwani mlango wa mtu hauvukwi bila ya hodi. Mgeni hubisha, akangoja. Akikosa jibu mara ya tatu hurudi alikotoka, wala mwenye nyumba halaumiwi. Adabu hii hutokana na imani kwamba nyumba ni stara: mna humo chakula na uhaba wake, maradhi na tiba zake, na mambo mengine ambayo jirani huyajua lakini hayasemi. Kwa hiyo, mtu atakaye kujua siha ya mji hana budi kukutana na adabu hii, maana siha ya mji haikai barabarani. Hukaa uani, penye jiko, pipa la maji na choo.

Mji wa Dar es Salaam, na hasa mtaa wa Kariakoo na mitaa jirani yake, umebishiwa hodi na wachunguzi wa siha kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Wengine walibisha kwa nguvu ya dola, wengine kwa karatasi ya maswali, wengine kwa bomba la dawa. Historia ya hodi hizo yastahili kusomwa, kwa sababu yaonyesha kwamba ujuzi unaopatikana katika nyumba ya mtu hutegemea sana namna ulivyoingia.

Hodi ya kwanza iliyojulikana duniani ilibishwa zamani za Wajerumani. Mwaka 1897 daktari mashuhuri Robert Koch, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea kwa ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akitoka Bara Hindi, akakaa hata mwaka uliofuata. Alichunguza homa ya malaria pamoja na maradhi ya watu na ya wanyama. Mwaka uo huo wa 1897, mwezi wa Agosti, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, Bara Hindi. Hivyo basi, katika mwaka mmoja, maswali mawili yaliwekwa mezani. Je, malaria ipigwe vita katika mbu aichukuaye, au katika damu ya mtu aliyenayo?

Koch alichagua damu. Hoja yake ilikuwa na nguvu: mbu hazaliwi na malaria, bali huipata kwa mtu, basi, kama watu wote wenye vijidudu wakitafutwa na kutibiwa, mbu atauma bure. Njia hiyo aliijaribu huko New Guinea, mahali penye watu wachache, ikamridhisha. Tangu mwaka 1901 njia iyo hiyo ikaletwa Dar es Salaam mikononi mwa Daktari Ollwig. Watu wake walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika, wakitoboa vidole, wakitazama damu katika hadubini, na aliyeonekana na vijidudu alipewa kwinini.

Kazi ile ilifanywa kwa bidii, lakini haikuiondoa malaria. Sababu mojawapo ni kwamba Dar es Salaam haikuwa kisiwa cha watu wachache. Ilikuwa bandari, na bandari ni mlango usiofungwa. Wachukuzi wa misafara waliingia kutoka bara, mabaharia walishuka majahazini, Wazaramo walikuja na mazao yao asubuhi na kurudi makwao jioni. Aliyepimwa leo kesho hayupo, na aliyepo kesho hajapimwa. Tena, mtu mzima aliyekulia penye malaria aweza kuwa na vijidudu katika damu yake asijisikie na homa yoyote. Mtu kama huyo, akiamriwa kunywa dawa iliyo chungu sana, haoni sababu yake. Mchunguzi alijua kitu ambacho mchunguzwa hakukijua, na kati yao hapakuwa na mazungumzo ila amri. Kabla ya Vita vya Kwanza daktari mwingine, A. J. Orenstein, aliyekuwa amefanya kazi ya kuua mbu katika Mfereji wa Panama, aliutazama mji akatoa shauri la kuelekea upande wa pili: mifereji isafishwe, madimbwi yakaushwe, mbu akose mahali pa kuzaliwa.

Pamoja na mashauri hayo ya tiba lilikuwapo shauri la tatu, nalo ndilo lililoacha alama ya kudumu katika ramani ya mji. Mwaka 1900 madaktari wawili Waingereza, Stephens na Christophers, waliochunguza malaria Afrika ya Magharibi, walieleza kwamba watoto wa Kiafrika wana vijidudu vingi katika damu, wakashauri makazi ya Wazungu yajengwe mbali nao. Mwaka 1904 mtaa wa namna hiyo ulifunguliwa juu ya kilima huko Freetown. Katika Afrika ya Mashariki Profesa W. J. Simpson alizuru Kenya, Uganda na Unguja mwaka 1913 na 1914, akashauri kwamba kila taifa likae mahali pake na kati yao paachwe uwanja mtupu. Wajerumani nao walitoa sheria ya ujenzi mwaka 1914 iliyougawa mji wa Dar es Salaam kwa namna za majengo, na Waingereza walipoutawala waliendeleza mgawanyo huo. Lugha ya watu iliutafsiri kwa maneno matatu yasiyohitaji ufafanuzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, uliotenganisha Uhindini na Kariakoo, ni ukumbusho wa fikira hizo.

Yafaa hoja ile ipimwe kwa mantiki yake yenyewe. Kama sababu ya uwanja ilikuwa ni mbu, basi mbu huvuka uwanja wa namna hiyo bila ya shida. Kama sababu ilikuwa ni damu ya Waafrika, basi mpishi, yaya, dobi na mlinzi walikuwa Uzunguni kila siku, na wengine walilala huko huko uani kwa bwana. Utengano uliokatazwa na kazi za nyumbani haukuweza kutimizwa na uwanja. Lakini jina la siha lilikwisha kutumika, na jambo lililokuwa la utawala na la thamani ya ardhi likavishwa kanzu ya udaktari. Ndiyo maana katika mitaa ya Uswahilini neno la mtu wa afya halikupokewa kwa moyo mweupe muda mrefu. Watu hawakuichukia dawa. Waliikumbuka mipaka iliyokuja pamoja nayo.

Hata jina la Kariakoo ni habari ya maradhi. Wajerumani walikuwa wameanza kupima viwanja hapo kwa ajili ya mji wa Waafrika, Vita vikawakatiza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, mahali pale palitiwa kambi ya wachukuzi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo Kariakoo. Wachukuzi waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na chakula kisichotosha wala kisichozoeleka. Mtu atamkaye jina la soko kubwa la Dar es Salaam hutamka, ajue asijue, jina la watu waliokufa kwa kukosa maji safi, chakula na tiba.

Baada ya Vita mtaa ulijengwa haraka katika mistari iliyonyoka. Nyumba yake ya kawaida ni ile ijulikanayo mpaka leo kama nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu mkono wa kuume na vitatu mkono wa kushoto, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa la makuti, madebe yaliyopasuliwa au mabati. Nyumba hii ilikuwa na hekima zake. Baraza lilikuwa mahali pa kupokea mgeni asiyestahili kufika ndani; ukumbi ulipitisha upepo; ua uliwapa wanawake faragha na mahali pa kazi. Lakini nyumba iliyofaa ukoo mmoja ilibadilika tabia ilipokuwa ya kupangisha. Kila chumba kilipopata mpangaji wake, mara nyingine na mke na watoto, choo kimoja cha shimo kilitumiwa na watu wa vyumba sita, na maji ya kuogea yakakosa pa kwenda.

Bwana Afya wa zamani za Waingereza alifika katika ua huo akiwa na kitabu cha sheria. Alifunua mapipa na mitungi akitafuta viluwiluwi, akatia mafuta katika madimbwi, akaandika majina ya wenye makosa. Aliona uchafu, wala hakusema uongo. Lakini aliuona kama tabia ya mtu, si kama matokeo ya mshahara, kodi na ukosefu wa mifereji. Lakini ndani ya serikali iyo hiyo wapo waliouliza zaidi. Mwaka 1931 E. C. Baker aliandika taarifa juu ya hali za maisha ya watu wa Dar es Salaam. Baadaye J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi mkubwa zaidi, ambao kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963. Mji ulikuwa umekua mno: katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 ulikuwa na watu 128,742.

Leslie hakuwa daktari, na pengine ndiyo sababu aliona mambo yaliyowapita madaktari. Katika kitabu chake nyumba si boma la maradhi tu, ni kitu cha uchumi. Mwenye nyumba aghalabu ni Mwafrika, mara nyingine mwanamke, aishiye chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na kodi hizo ndizo akiba yake ya uzeeni. Kumwamuru mtu huyo apunguze wapangaji kwa ajili ya siha ni kumwamuru apunguze chakula chake, ambacho nacho ni siha. Hapo mchunguzi alifika penye kiini cha jambo: nyumba chafu yaweza kuwa imejengwa kwa hesabu sahihi kabisa ya maskini.

Baada ya Uhuru mji ulizidi kupanuka. Mwaka 1967 ulikuwa na watu zaidi ya 270,000. Mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 watu 5,383,728. Mifereji haikukua kwa kadiri hiyo. Katika vyoo vya shimo na makaro ya maji machafu alizaliana kwa wingi mbu wa jamii ya kuleksi, yule aimbaye sikioni usiku, ambaye katika pwani hii hueneza minyoo iletayo matende na mabusha. Tangu mwaka 1988 hata 1996 palikuwa na mpango wa Tanzania na Japani wa kupambana na mbu wa mjini, na ndani yake wachunguzi walirudi tena uani, safari hii wakihesabu vyoo.

Jirani yao, huko Makunduchi, Unguja, jambo la ajabu lilikuwa limefanyika karibu na wakati huo. Vijipira vyepesi vya plastiki, vile vitumiwavyo kufungia vyombo visivunjike, vilimwagwa katika vyoo vya shimo vyenye maji. Vilielea juu na kufanya tabaka, viluwiluwi wasipate hewa, na mbu wasipate pa kutaga. Pamoja na dawa ya minyoo waliyopewa watu wote, mbu walipungua kwa kiasi kikubwa mno, na minyoo katika damu za watu nayo ikapungua. Vijipira havikuoza, wala havikuhitaji kutiwa upya kila wiki. Huko Dar es Salaam navyo vilijaribiwa, maana mbu wa vyooni walikuwa wameanza kuzizoea dawa za sumu.

Katika uchunguzi wa mpango huo lipo jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Chavasse, Lines na Ichimori walilinganisha wingi wa mbu na mauzo ya dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyozungushwa kama kombe la konokono, wakaona kwamba vitu viwili hivyo hufuatana: mbu wakizidi, mauzo huzidi, wakipungua, hupungua. Maana yake ni kwamba watu wa mji, matajiri kwa maskini, walikuwa wakiutoza mfuko wao kodi ya mbu usiku kwa usiku, bila ya kuhimizwa na mtu. Waliosemwa zamani kuwa hawajali walikuwa wakijali kwa fedha taslimu. Ushahidi huo haukupatikana kwa kutoboa kidole cha mtu wala kufunua mtungi wake. Ulipatikana dukani.

Hodi iliyo tofauti na zote ilibishwa tangu mwaka 2004, ulipoanza mpango wa mji wa kudhibiti malaria katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakaguzi wa mpango huu hawakuletwa kutoka mbali. Walichaguliwa miongoni mwa wakazi, kila mmoja akapewa mashina yake, yaani makundi ya nyumba kumi kumi yaliyojulikana tangu siku za TANU. Walichora ramani za mitaa yao kwa mkono: huyu alama yake ni mwembe, yule ni msikiti, mwingine ni nguzo ya umeme. Ramani hizo zililinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, na mapengo yaliyoonekana yakajazwa. Kila juma walikagua maji yaliyotuama, na tangu mwaka 2006 katika kata tatu za kwanza wakatia dawa ya bakteria iuayo viluwiluwi bila ya kumdhuru mtu, samaki wala kuku. Vijidudu vya malaria katika damu za wakazi vilipungua pale dawa ilipotumiwa. Mwaka 2015 kiwanda cha kutengeneza dawa za namna hiyo kilifunguliwa Kibaha kwa ushirikiano na Kuba.

Lakini thamani ya mpango huo haiko katika ushindi wake tu, bali katika uaminifu wa kuchunguza makosa yake. Prosper Chaki na wenzake waliwafuata wakaguzi na kutazama ni madimbwi gani yaliyowapita. Waliona kwamba mengi yalikuwa hayakuonekana, na kwamba tofauti kubwa ilitokana na mambo mawili. Kwanza, mkaguzi aliyeyafahamu vyema mashina yake aligundua zaidi kuliko mgeni. Pili, viwanja vilivyozungushiwa ukuta viliwashinda wakaguzi, kwa kuwa hawakufunguliwa. Mkaguzi mwenye ujira mdogo, asiye na vazi la cheo, alibisha hodi tatu katika lango la chuma na kuondoka. Zamani za Wajerumani mlango wa maskini haukuweza kukataa. Katika karne hii lango la tajiri liliweza. Mbu aliyezaliwa ndani ya ukuta, hata hivyo, hakuishia humo, maana ukuta haumzuii kama uwanja wa Mnazi Mmoja usivyomzuia.

Na katika nyumba za kawaida wenyeji walikuwa na uchunguzi wao wenyewe. Sheila Ogoma na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2009, walieleza jinsi wakazi wa Dar es Salaam walivyotia wavu madirishani, dari vyumbani, na kuziba nafasi kati ya ukuta na paa. Walipoulizwa sababu ya wavu wa madirisha, wengi mno walijibu kuwa ni kuzuia mbu. Hakuna Bwana Afya aliyewalazimisha. Fundi na mwenye nyumba walikuwa wameufikia uamuzi huo kwa hesabu ile ile iliyonunua dawa ya kuchoma.

Kariakoo ya leo si ile aliyoiona Leslie. Nyumba nyingi za vyumba sita zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka chini na makazi juu. Soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo paa lake la miavuli ya zege lilibuniwa kukusanya maji ya mvua, liliungua Julai 2021. Maradhi nayo yamebadili njia. Kipindupindu kilichozuka jijini Agosti 2015 kilikumbusha habari ya maji na vyoo. Homa ya dengi, iliyoenea jijini mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na mbu aumaye mchana, azaliwaye katika maji safi: tairi kuukuu, kopo, ndoo iliyosahauliwa juu ya paa la ghorofa. Ua umepanda juu, na mchunguzi hana budi kupanda ngazi kuufuata.

Kutokana na habari hizi mambo mawili yaonekana wazi. La kwanza, kila uchunguzi uliomhesabu mwenyeji kuwa chombo cha maradhi ulipata ujuzi nusu. Na kila uliomhesabu kuwa mjuzi wa nyumba yake ulipata zaidi. La pili, ambalo halina budi kusemwa pamoja na la kwanza lisije likageuzwa hila, ni kwamba mwenyeji hawezi kuachiwa mzigo wote. Aweza kufunika pipa na kutia wavu dirishani. Hawezi kuchimba mfereji wa mtaa wala kuleta bomba la maji machafu. Sifa za ushirikiano wa wananchi zisiwe kisingizio cha baraza la mji kuweka mikono mifukoni.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mithali hiyo mgeni ana wajibu: kuja kwake kuwe na uponyaji. Wachunguzi waliokuja Kariakoo waliondoka na damu, hesabu, ramani na shahada za elimu. Taarifa zao nyingi ziliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, zikawekwa mahali ambapo mpangaji wa chumba cha nne hakuweza kuzisoma, ingawa choo kilichohesabiwa kilikuwa chake. Mchunguzi ajaye atakuwa ametimiza adabu ya hodi siku atakaporudi katika nyumba ile ile, akakaa barazani, akawasomea wenyewe kwa lugha yao yale aliyoyaona uani kwao, na akangoja kusikia kama wao nao waliyaona hivyo.